Nundu Isiyo Yake

Barabara inayotoka Chimala kupanda Matamba ina kona 57, na baba yangu, aliyeipanda na kuishuka kwa miaka 22 akiwa dereva wa mradi wa kilimo cha pareto, alikuwa akizihesabu kwa sauti kila tulipopanda naye wakati wa likizo. Gari lenyewe lilikuwa Land Rover 109 ya kijani. Kuanzia kona ya kwanza mpaka ya mwisho lilipanda kwa gia ya pili, na penye mwinuko mkali kwa gia ya kwanza, huku bonde la Usangu likizidi kushuka nyuma yetu hadi majaruba ya mpunga yakaonekana kama vipande vya kioo vilivyotupwa chini. Nilikua nikiamini kwamba hakuna gari jingine duniani. Mtoto wa Makete wa wakati ule hakusema kwamba gari limekuja. Alisema Landrova imekuja, hata kama kilichokuja ni lori.

Leo ukisimama Uyole, jijini Mbeya, mahali ninapotunza hesabu za malori ya familia yetu, unaweza kuyatazama kwa saa nzima magari ya ofisi za serikali, ya miradi, ya hospitali za misheni na ya polisi, na karibu yote yaliyoundwa kwa ajili ya njia mbaya ni Toyota. Lugha yetu haijayafuata mabadiliko hayo. Gari la polisi lililo wazi nyuma bado tunaliita difenda, jina ambalo ni la Land Rover, ingawa mara nyingi linalopita ni Land Cruiser. Kwa sababu ya baba na kwa sababu ya kazi yangu, nimeishi miaka mingi na swali hili: inawezekanaje kampuni ikawapoteza wateja waliokuwa wakiipenda, ambao hawakuwa na haraka ya kuhama, na ambao kwa kweli waliisubiri kwa muda mrefu kabla ya kuiacha?

Jibu ninalolisikia vijiweni ni kwamba Mjapani hutengeneza gari imara na Mwingereza alichoka. Jibu hilo halinitoshi. Nimeisoma kwa muda mrefu historia ya British Leyland, kampuni iliyoimiliki Land Rover katika miaka ile ilipoanza kututoka mikononi, na kila ninapoirudia naisoma kama mhasibu, nikitafuta fedha zilitoka wapi na zilikwenda wapi. Ninavyoona mimi, kabla Land Rover haijashindwa milimani ilikuwa imekwisha kushindwa kwenye vitabu vya hesabu vya wenye mali.

Gari hili lilizaliwa kama kazi ya kujishikiza. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia chuma kilikuwa cha mgao nchini Uingereza, na kampuni ya Rover, iliyozoea kuunda magari ya watu wenye nafasi, ilihitaji bidhaa ya kuuza nje ya nchi. Ndugu wawili, Maurice na Spencer Wilks, wakabuni gari la shamba lenye bodi ya aluminiamu, wakalionesha Amsterdam mwaka 1948, wakitarajia kwamba lingewavusha miaka michache tu mpaka biashara yao ya kawaida isimame tena. Mwaka 1966 Land Rover ya 500,000 ilitoka kiwandani Solihull, na miaka kumi baadaye ikatoka ya milioni moja. Kazi ya kujishikiza ikawa ndiyo inayoilisha nyumba.

Mwaka 1967 Rover iliingia chini ya Leyland, kampuni ya malori na mabasi, na mwaka uliofuata, kwa msukumo wa serikali ya Harold Wilson, Leyland nayo ikaunganishwa na British Motor Holdings, wenye Austin, Morris, MG na Jaguar. Hivyo ndivyo ilivyoundwa British Leyland, kampuni ambayo katika miaka iliyofuata ilikuwa na wafanyakazi karibu 200,000 na viwanda vilivyotapakaa nchi nzima. Kiongozi wake alikuwa Donald Stokes, muuzaji hodari aliyepata sifa mwaka 1964 kwa kuwauzia Wakuba mabasi ya Leyland wakati Marekani ikiwawekea vikwazo. Simdharau mtu yule. Lakini alipewa jukumu la kuziunganisha kampuni ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikigombania wateja wale wale, na akaziweka chini ya paa moja bila ya kuamua ni ipi iendelee na ipi ikome.

Rover na Triumph, kampuni nyingine ya magari iliyokuwa chini ya Leyland, zilikuwa zimezindua magari mawili ya daraja moja katika mwaka mmoja, 1963, na baada ya kuungana yote mawili yaliendelea kuuzwa kwa mteja yule yule, kila moja likiwa na wahandisi wake, karakana yake na gharama zake. Rover ilikuwa na injini nzuri ya silinda nane, lita 3.5, ambayo haki yake ilinunuliwa kutoka General Motors mwaka 1965. Hata hivyo, Triumph ilipotoa gari lake la Stag mwaka 1970 ilitumia injini yake yenyewe ya silinda nane, lita 3, ambayo ikawa maarufu kwa kuchemka. Upande wa Austin na Morris, ambao walikuwa wameungana tangu mwaka 1952, gari moja dogo lilikuwa likiuzwa kwa majina sita tofauti ili kila wakala aridhike: Austin, Morris, MG, Riley, Wolseley na Vanden Plas. Mtu aliyekulia katika ukoo mkubwa anaijua hali hii. Ni nyumba ya ndugu waliorithi shamba moja, ambao wanakula kwenye sinia moja, lakini kila mmoja ana jembe lake, na hakuna anayethubutu kuuliza jembe lipi linalima.

Jambo lililonishitua zaidi nilipolisoma mara ya kwanza linahusu Mini, gari la Alec Issigonis lililotoka mwaka 1959 na kupendwa na matajiri na maskini sawia. Wahandisi wa Ford waliinunua moja, wakaifungua kipande kwa kipande, wakakadiria gharama ya kila kipande, kisha wakahitimisha kwamba mwenye kuitengeneza alikuwa akipoteza takribani pauni 30 kwa kila gari analouza. Sisisitizi kiwango chenyewe, kwa kuwa makadirio ya mshindani ni makadirio. Kinachonigusa ni kwamba swali hilo liliulizwa kwa ukamilifu na mtu wa nje. Kampuni ilijua imeuza magari mangapi, na ikaona fahari, lakini haikuwa na desturi ya kujua kila gari limegharimu nini mpaka kufika kwa mnunuzi.

Ninaandika hili kwa uzito kwa sababu na mimi nililifanya kosa hilo, kwa kalamu yangu. Mwaka 2011 familia yetu ilikuwa na malori matatu. Moja, Fuso, lilikuwa likibeba mbao kutoka Mafinga kwenda Dar es Salaam na halikukosa mzigo. Mawili yalikuwa ya zamani, yakifanya safari za Tunduma na kulala gereji kila baada ya safari mbili au tatu. Kila mwisho wa mwezi nilijumlisha mapato yote katika safu moja na matumizi yote katika safu ya pili, nikapata faida ndogo, na nikampelekea kaka yangu taarifa iliyosema kwamba biashara inakwenda. Ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Fuso lilikuwa likiwalipa madereva wa malori mengine, likinunua pistoni za malori mengine, likilipa hata madeni ya malori mengine, na lenyewe lilipohitaji matairi mapya tuliliambia lisubiri kidogo, kwa sababu lilikuwa bado linatembea. Tairi la mbele lilipasuka likiwa linateremka Kitonga. Dereva alifanikiwa kulielekeza ukutani, upande wa mlima, na namshukuru Mungu hakuna aliyepoteza maisha. Tangu siku hiyo kila lori lina daftari lake, na hesabu ya lori moja haiingii kwenye ya jingine mpaka yote yawe yamefungwa.

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye, na ni kweli, kwa sababu nundu ni sehemu ya mwili wake na amezaliwa nayo. Land Rover ilibebeshwa nundu isiyo yake. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 gari hilo, pamoja na Range Rover iliyozinduliwa mwaka 1970, lilikuwa na wanunuzi wengi kuliko magari yaliyoweza kutengenezwa; watu walijiandikisha na kusubiri. Mfanyabiashara yeyote wa Mwanjelwa angekwambia la kufanya wateja wanapopanga foleni: ongeza mzigo, boresha bidhaa, panua duka. Solihull haikupewa fedha za kufanya hivyo, kwa sababu kilichopatikana pale kilikwenda kuziba mashimo ya upande wa magari madogo, ambako kulikuwa na watu wengi zaidi, viwanda vikubwa zaidi na kelele zaidi za kisiasa.

Ushahidi ninaoupenda kuutaja ni milango. Range Rover ilitoka mwaka 1970 ikiwa na milango miwili, na kila aliyeitazama aliona kwamba gari la bei ile, la kubebea familia na wageni wa heshima, lilihitaji minne. Kiwanda chenyewe kilitoa gari la milango minne mwaka 1981. Miaka 11 kwa milango miwili ya ziada! Hapakuwa na fumbo lolote la kiufundi, kwa kuwa karakana binafsi zilikuwa zikiwafanyia wateja wao kazi hiyo. Kilichokosekana ni mtu mwenye madaraka wa kusema kwamba fedha hizi zimetoka hapa na kiasi hiki kitarudi hapa.

Na si upande wa magari madogo peke yake uliokamua. Serikali ilipomkabidhi Don Ryder kazi ya kuichunguza kampuni, baada ya kampuni hiyo kuishiwa fedha mwishoni mwa mwaka 1974, taarifa yake ya mwaka 1975 ilionesha kwamba tangu kuundwa kwa kampuni hiyo faida halisi ilikuwa pauni milioni 74, na kati ya hizo milioni 70 ziligawiwa kwa wanahisa. Zilizobaki kwa ajili ya mashine mpya, mitambo mipya na magari mapya zilikuwa milioni nne, kwa kampuni kubwa kiasi hicho, kwa muda wa miaka sita. Tangu niliposoma takwimu hizo sijaweza kukubali kwamba lawama yote ni ya wafanyakazi na migomo yao. Migomo ilikuwepo, mingi na yenye madhara, na viongozi wa baadhi ya vyama vya wafanyakazi waliutumia udhaifu wa uongozi vibaya. Lakini mfanyakazi hakuamua gawio, na hakuamua kwamba gari la Morris Marina la mwaka 1971 litumie mfumo wa springi wa magurudumu ya mbele uliotokana na gari la mwaka 1948.

Serikali iliichukua kampuni, na hapo ndipo ninapoona kosa la pili, ambalo lilifanywa kwa nia njema kabisa. Mpango wa Ryder uliyakusanya magari yote madogo, ya kifahari na ya shamba katika idara moja kubwa, Leyland Cars. Daftari moja tena! Land Rover, ambayo ilihitaji kuonekana peke yake ili thamani yake ijulikane, ilizamishwa ndani zaidi. Ilibidi aje Michael Edwardes, mzaliwa wa Afrika Kusini, mwishoni mwa mwaka 1977, ndipo mambo yageuzwe: mwaka 1978 Land Rover ikafanywa kampuni inayojitegemea ndani ya kundi, ikiwa na uongozi wake na fedha za upanuzi. Watu wengi humkumbuka kwa kufunga viwanda na kwa kupambana na vyama vya wafanyakazi, na uchungu wa waliopoteza kazi ni halali. Mimi namkumbuka pia kwa kuipa Land Rover daftari lake.

Lakini muda ulikuwa umekwenda. Land Rover ya dizeli aliyokuwa akiendesha baba ilikuwa na injini ya lita 2.25. Kwa shamba la Uingereza ilitosha. Kwa kona 57 zenye magunia na watu nyuma, ilikuwa ikifanya kazi ya mtu mzima kwa kifua cha mtoto. Toyota ilikuwa imeliona hilo. Land Cruiser ya mfululizo wa 40, iliyoanza mwaka 1960, ilikuwa na injini ya petroli ya silinda sita, lita 3.9, na katika miaka ya 1970 ikaongezewa dizeli ya silinda sita, lita 3.6. Katika mradi mkubwa wa umeme wa maji wa Snowy Mountains nchini Australia, uliokuwa kama nyumbani kwa Land Rover, kampuni ya ujenzi ya Thiess ilianza kuagiza Land Cruiser mwishoni mwa miaka ya 1950, na kutoka hapo Mjapani hakurudi nyuma.

Tofauti ya mkakati inaonekana wazi zaidi Marekani. Gari dogo la Toyota, Toyopet, lilishindwa huko na likaondolewa sokoni mwaka 1960, na kwa miaka kadhaa Toyota iliendelea kujulikana Marekani hasa kwa Land Cruiser, mpaka ilipopata gari dogo linalofaa. Kampuni moja ililifanya gari lake la porini kuwa mguu wa kwanza wa kuingilia nyumba ya mtu, na ikautunza mguu huo. Nyingine ililifanya kuwa kibubu cha kuvunja kila shida inapobisha hodi.

Haki inanitaka niseme kwamba hapa kwetu Toyota haikushinda kwa ubora peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 nchi yetu ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na ofisi nyingi zilipokea magari yaliyoletwa na wafadhili, si magari ziliyoyachagua. Mradi wa baba ulipata Land Cruiser mbili za msaada mwaka 1987. Nakumbuka alivyorudi nyumbani baada ya safari ya kwanza. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kimya, kisha mama alipomuuliza gari jipya likoje akajibu kwa sentensi moja tu: "Halipumui kwa shida." Hakulisema vibaya gari la zamani hata siku moja, lakini hakuomba tena kuliendesha.

Yaliyofuata nayapitia upesi, kwa sababu ni matokeo tu. Land Rover ilipata springi za mviringo na nafasi ya injini bora kwa gari la One Ten mwaka 1983, gari zuri, lililochelewa. Kundi zima, lililokwisha kuitwa Rover, liliuzwa kwa British Aerospace mwaka 1988, kisha kwa BMW mwaka 1994. Mwaka 2000 Wajerumani waliligawa: Land Rover ikauzwa kwa Ford kwa mabilioni, na sehemu ya magari madogo, ile iliyokuwa ikilishwa miaka yote, ikauzwa kwa pauni kumi. Ilifungwa mwaka 2005, na watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi. Mwaka 2008 Tata ya India iliinunua Land Rover pamoja na Jaguar kwa dola za Marekani bilioni 2.3. Tarehe 29 Januari 2016 Defender ya mwisho ya umbo la zamani ilitoka Solihull.

Wala sitaki Toyota ionekane kama malaika. Mwaka 2010, baada ya kuyaita magari mamilioni yarudishwe kurekebishwa, Akio Toyoda, aliyekuwa rais wa Toyota, alisimama mbele ya Bunge la Marekani na kukiri kwamba kampuni yake ilikuwa imekua kwa kasi kuliko uwezo wake wa kuwaandaa watu. Januari 2024 ilisimamisha kupeleka sokoni aina kumi za magari, Hilux na Land Cruiser 300 zikiwemo, baada ya kugundulika udanganyifu katika majaribio ya uthibitisho wa injini tatu za dizeli zilizotengenezwa na kampuni ndugu. Nilipoisikia habari ile niliwaza madereva wa milimani, ambao hawasomi taarifa za wanahisa, lakini hulipa kwa migongo yao kila anayeamua mbali nao anapoamua vibaya.

Kaka yangu alinunua Land Rover 109 kuukuu mwaka 2018, na gereji moja ya hapa Mbeya ikaitoa injini yake na kuifunga dizeli ya Isuzu ya silinda nne. Mafundi wetu wameifanya kazi hiyo mara nyingi, hata hawashangai tena. Nchini Australia Land Rover zilianza kufungwa Isuzu ya lita 3.9 mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu wateja hawakuweza kusubiri zaidi. Tulimchukua baba, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 77, tukapanda naye Matamba. Alikaa mbele, mkono juu ya dashibodi, akaanza kuhesabu kama zamani. Baada ya kona ya thelathini na nane kuna mwinuko aliokuwa akiuingia kwa gia ya kwanza siku zote, na nilimwona mguu wake wa kushoto ukikanyaga sakafu, ukitafuta klachi. Kaka yangu hakubadilisha gia. Gari lilipanda.

"Mama," aliniambia bila kugeuka, kwa maana ndivyo alivyoniita tangu utoto, "injini hii ingekuja mwaka sabini na tano, mimi nisingeliacha gari hili."

Kisha akatazama mbele, na kona ilipotokea akasema, thelathini na tisa.